Besi Yangu Iliyonguruma Kinole

Nikiri tu mwenyewe, maana video yangu imeshafika stendi ya Msamvu kabla yangu. Mimi ni mpiga besi wa bendi ya mtaani, wa aina ile inayojua vifaa kuliko nyimbo. Jumamosi mchana tulialikwa Kinole, kwenye jubilei ya padri mmoja. Nilikuwa na kifaa kipya cha kukanyaga kwa mguu, cha kutyuni besi, yaani kuziweka sawa sauti za nyuzi. Kukijaribu nyumbani kwanza? Mimi, fundi mzima? Nilikikanyaga palepale jukwaani, kitaa chekundu kikawaka, nikajua mambo safi.

Taa za jukwaani nilizibeba mwenyewe, na zote nikazielekeza kwangu. Nikapiga saa nzima nimefumba macho, besi ikinguruma mpaka sahani za pilau zinatetemeka. Deo, mpiga kinanda wetu, alininyooshea kidole mguuni mara mbili. Nikadhani anakitamani kifaa.

Shangazi wa padri akaja na vigelegele, akanifunga khanga mabegani.

"Wengine nyamazeni," akasema. "Huyu apige peke yake, tumtuze vizuri."

Wakanyamaza. Nikazicharaza nyuzi kwa nguvu zote. Kilichosikika ni kuku wa jirani.

"Kaka," Deo akasema, maikrofoni ikiwa wazi, "kitaa hicho kikiwaka, sauti imekatwa. Besi nimeipiga mimi kwenye kinanda, kwa mkono wa kushoto, tangu wimbo wa kwanza."

Shangazi akaifungua khanga mabegani mwangu, taratibu, akaenda kumfunga Deo. Taa zote zikabaki zinanimulika mimi.