Paa Lisilotoshea Mezani

Baba yake Arlys Brandvold alipiga kwa hatamu ya farasi, na farasi hakuwa nao. Waliuzwa kabla Arlys hajazaliwa. Ile hatamu ya ngozi nene ilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na kazi yake ikawa migongo ya watoto. Shamba lao lilikuwa nje ya mji wa Halvor, kaskazini mwa Iowa, ambako nyumba moja haisikii kilio cha nyumba nyingine.

Msimu mmoja wa kuvuna mahindi, Arlys aliacha lango wazi na nguruwe wakaingia shambani. Baba alimburuta kwa nywele hadi ghalani. Kipigo kilikuwa kimefika mahali ambapo mtoto halii tena, anahema tu, pale kaka yake Verlin alipoingia na nyundo kubwa ya kupigilia nguzo. Alimpiga mzee begani, mfupa ukalia kama kuni kavu, na mzee akaanguka juu ya majani.

"Ukimgusa tena," Verlin alisema, "inayofuata ni ya kichwa."

Baba hakumgusa tena. Bega lake lilipona likiwa limepinda, na hadi anakufa alikula kwa mkono wa kushoto. Arlys alikua akiutazama mkono ule mezani kila siku, na kila siku ulimkumbusha kwamba kuna mtu ana haki juu yake. Hakuna aliyemwambia hivyo. Verlin mwenyewe hakuwa na haja ya kusema.

Aliingia kiwanda cha nyama cha Halvor akiwa bado msichana, akawekwa kwenye mstari wa kukata mabega ya nguruwe. Ni kazi ya ukatili, na anayesema vinginevyo hajaifanya. Mizoga inakuja ikining'inia kwenye ndoano, mkanda wa mnyororo hausubiri mtu, sakafu inateleza kwa damu na mafuta, na watu wamesimama bega kwa bega wakiwa na visu vinavyoweza kunyoa ndevu. Arlys aliona watu wakichanwa matumbo na majirani zao waliokuwa wakipiga chafya. Kiwiko chake kilipokataa kukunjuka, walimhamishia stoo. Baada ya miaka wakamfanya mnunuzi wa vifaa: mabuti, aproni, visu, glavu.

Katika kazi hiyo alikuwa mkali, na jina lake lilivuma kwa ukali huo. Kiwandani palikuwa na desturi. Karibu na dirisha la kantini ilisimama meza ndefu, na zawadi yoyote aliyopewa mfanyakazi na muuzaji wa nje iliwekwa pale siku hiyohiyo, na kadi yenye jina la aliyeitoa. Kabla ya Krismasi watu walichezeshwa bahati nasibu, zikagawanywa. Arlys ndiye aliyeilinda meza ile. Aliweka kofia, visu vya mfukoni, chupa za wiski. Mwaka mmoja muuzaji wa mabuti alileta mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi.

"Huyu ana akili kweli?" aliuliza Senad, mkataji mkongwe kutoka Bosnia na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. "Kuja kwa watu wanaochinja nguruwe kutwa, anawaletea nguruwe! Dada Arlys, mwambie mwakani alete lori. Kofia tumechoka, vichwa vyenyewe vimeisha."

Muuzaji mwingine alimsukumia bahasha juu ya kaunta. Arlys aliichoma kisu katikati hadi kikazama kwenye mbao.

"Ondoa hiyo," alimwambia, "kabla sijahamia kwenye vidole."

Basi hakuwa mtu dhaifu, wala mjinga. Nalisema hili kwa sababu wengi hudhani anayeanguka kwa zawadi ni mwenye tamaa. Tamaa angeitambua mara moja.

Kiangazi kimoja upepo mkubwa ulipita Halvor. Ulivunja maghala, ukalaza mahindi yote upande mmoja, na ukaling'oa paa la nyumba ya Arlys na kulitupa kwenye malisho ya jirani. Yeye alikuwa amejibanza chini ya ngazi, mikono kichwani, akisikia misumari ikichomoka juu yake kwa milio. Watu wa bima walimzungusha. Mvua ikawa inamnyeshea kitandani.

Verlin alifika na lori lililojaa bati jipya la kijani na mafundi wawili. Wiki ile alipiga misumari mwenyewe, kifua wazi, mzee mwenye mvi lakini mwenye mikono ileile ya ghalani.

"Nikupe nini, kaka?" Arlys alimuuliza.

"Nipe kahawa. Na uache kuniudhi."

Wakati huo Verlin alikuwa amejiingiza katika biashara ya kuuza vifaa vya usalama kazini. Wiki nzima hakutaja glavu hata mara moja. Zawadi ya namna hii haina haraka.

Mahindi yalipokuwa yakivunwa alikuja stoo na boksi. Ndani kulikuwa na glavu zilizofumwa kwa vipete vidogo vya chuma, zile ambazo mkataji huvaa mkono usioshika kisu. Arlys alichukua moja, akaivuta kwa vidole viwili. Kipete kimoja kilifunguka. Hakikuwa kimeunganishwa kwa moto. Kilikuwa kimekunjwa tu.

"Verlin. Hiki kimeachia."

"Kimoja tu, dada. Hata kuku hutaga yai viza. Mimi nikuletee wewe takataka?" Akainua macho juu, kana kwamba pale stoo palikuwa na lile bati la kijani. "Mimi?"

Kanuni ilidai glavu mpya zijaribiwe na wakataji mwezi mzima kabla ya kununuliwa. Ilidai pia kwamba mwenye ndugu muuzaji ajitoe, mwingine aamue. Arlys alizijua kanuni zote mbili. Ndiye aliyekuwa akiwasomea wengine. Aliagiza glavu siku ileile.

"Mbona huyu muuzaji mpya hajaweka kitu mezani?" Senad aliuliza kantini. "Ni bahili, au sisi hatumpendezi?"

"Huyo ni kaka yangu."

"Ah, basi! Kaka hatoi zawadi, kaka anakopa!"

Watu wakacheka, na Arlys akacheka nao. Paa halikumjia akilini. Kile kisichoweza kubebwa hadi mezani hakuwahi kukihesabu kuwa zawadi. Kosa lake lilikuwa hapo.

Asubuhi moja ya theluji alisikia yowe kutoka sakafu ya kukatia. Mlango wa stoo ulitazamana na mstari, akatoka mbio. Fidencio Ajanel, kijana Mguatemala aliyekuwa akikata mabega, alikuwa amepiga goti, mkono wa kushoto umenyooshwa mbele kama mtu anayevutwa na mbwa. Kisu kilikuwa kimeteleza na kupasua glavu. Vipete vilivyoachia vikanasa kwenye mnyororo wa mkanda, na mnyororo ukawa unaula mkono kidogo kidogo. Senad aligonga kitufe cha kuzima mara tatu kwa ngumi. Damu ya mtu haina tofauti na ya nguruwe pale chini. Zilichanganyika na kwenda kwenye mfereji mmoja.

Arlys alimfunga mkono kwa ukanda wa aproni, akaukaza kwa meno. Fidencio alikuwa akimwita mama yake kwa lugha ya kwao. Vidole vitatu vilibaki ndani ya mnyororo. Glavu ilikuwa inaning'inia, vipete vyake vimefunguka, kama kile alichokivuta kwa vidole vyake viwili.

Meneja wa usalama, Bi Corrine Haupt, hakukawia kutoa maoni yake: kijana hakuwa ameivaa vizuri. Akikutwa na kosa atafukuzwa, na matibabu yatakuwa juu yake. Kikao kikapangwa keshokutwa, na Arlys akaambiwa atahojiwa kuhusu glavu.

Verlin alifika kwake jioni ileile. Hakuvua kofia.

"Utasema alikuwa amelegeza mkanda wa glavu."

"Hakulegeza. Nilikuwa pale."

"Wewe ni wa stoo. Uliona damu, ukachanganyikiwa."

"Niliona vipete, Verlin. Na niliviona kabla."

Verlin alimkamata shingo kwa mkono mmoja na kumbamiza kwenye jokofu. Vikombe vilianguka kutoka juu. Uso wake ulikuwa karibu sana, na Arlys aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa kaka yake: taya lilikuwa la baba.

"Nani alimvunja yule mzee bega? Nani? Ungekuwa kaburini wewe! Na sasa unaniuza kwa ajili ya mkata nguruwe usiyemjua hata kijiji chake!"

Arlys alikuwa ameishiwa hewa. Verlin alimwachia, akakanyaga vigae vya vikombe, akatoka. Arlys alibaki sakafuni akikohoa. Juu yake bati la kijani lililia kwa baridi, na hata pale, akiwa na alama za vidole shingoni, alijisikia mkosefu mbele ya mtu aliyemkaba. Ndivyo fadhila zinavyofanya zikikaa bila kutajwa.

Kikao kilifanyika kantini. Fidencio aliketi upande wa dirisha, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko, Senad kando yake. Bi Haupt alikuwa na kahawa na uso wa mtu anayetaka kumaliza mapema.

"Arlys, glavu zilikuwa na kasoro yoyote unayoijua?"

Alikuwa amefunga skafu shingoni. Akaifungua, akaiweka mezani.

"Zilikuwa na kasoro. Niliivuta ya kwanza, ikaachia mkononi mwangu. Sikuwapa wakataji wazijaribu. Aliyeziuza ni kaka yangu."

"Hilo la kaka tunalijua sote," alisema Senad polepole.

"La pili hamlijui. Alinijengea paa. La nyumba nzima, bure, kabla tu ya kuja na glavu."

"Paa?" Bi Haupt aliweka kikombe chini.

"Na sikulitaja kwa mtu."

Senad alisukuma kiti chake nyuma. "Ulitufokea kwa vikofia," alisema. "Mimi ulininyang'anya kalamu, Arlys. Kalamu! Na wewe unalala chini ya rushwa."

"Ndiyo."

Fidencio aliinama mbele. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulijua, señora?"

"Nilijua."

"Ulijua, ukanivisha."

"Nilijua, nikakuvisha."

Kijana alinyakua kikombe cha Bi Haupt kwa mkono mzima na kumrushia. Kilimpata juu ya jicho, kikavunjika. Damu na kahawa vilimshuka shavuni. Senad alimshika Fidencio kiunoni, ingawa hakumshika kwa nguvu sana. Arlys hakujifuta.

"Andika," alimwambia Bi Haupt. "Kijana hana kosa. Andika nikiwa naona."

Bi Haupt aliandika. Fidencio akabaki na kazi yake na matibabu yake, na glavu zote zikakusanywa siku ileile. Arlys akaambiwa alete funguo za stoo kesho asubuhi, asirudi tena.

Alipofika nyumbani alasiri alisikia mlio alioujua: misumari ikichomoka. Habari za kikao zilikuwa zimemfikia Verlin; alikuwa juu ya nyumba na mtaimbo, akiling'oa bati moja baada ya jingine na kulirusha chini. Theluji ilikuwa ikiingia chumbani.

"Si umeona ni rushwa?" alipiga kelele kutoka juu. "Basi narudisha mwenyewe!"

Bati moja liliruka likizunguka, likakata theluji hatua moja kutoka miguuni mwa Arlys. Hakusogea.

"Ng'oa lote!" alimjibu. "Usiniachie hata msumari!"

Verlin aliteremka ngazi kwa kasi ya kijana. Mtaimbo ulimpiga Arlys mkono aliouinua kujikinga, naye akausikia mfupa wake ukilia, mlio uleule wa ghalani. Alianguka magotini. Verlin akauinua tena, juu ya kichwa sasa.

"Baba alipiga, akamaliza," Arlys alisema. "Wewe uliniwekea akiba."

Mtaimbo ulibaki hewani. Verlin aliutazama mkono wake kama anayeona kitu kigeni kimeshikamana na mwili wake. Kisha akageuka, akaupigiza kwenye kioo cha mbele cha lori lake mwenyewe, mara nyingi, hadi kioo chote kikamwagika kwenye viti. Aliondoka hivyohivyo, theluji ikimpiga usoni. Hawakuonana tena.

Asubuhi wafanyakazi wa zamu ya kwanza walikuwa kantini wakinywa kahawa waliposikia kitu kikikwaruza sakafu ya ukumbini. Arlys aliingia, mkono mmoja kwenye plasta ya hospitali, uso umevimba, na kwa mkono mwingine akiburuta bati la kijani lenye misumari iliyopinda. Hakuna aliyeinuka kumsaidia. Alilipandisha mezani kwa goti. Lilizidi kwa pande zote mbili na kuyumba.

Akaweka kadi juu yake: Kutoka kwa Verlin Brandvold, muuza glavu.

"Halitoshei," alisema Senad.

"Najua."

Aliweka funguo za stoo kando ya kadi, akatoka kwa mlango wa kuingizia mizoga, uliokuwa karibu zaidi.