Begi la Harusi na Arobaini ya Kiingereza

Jamani, chekeni tu, maana kulia nimeshalia peke yangu vya kutosha: yule wifi aliyepeleka begi la bibi harusi Fukayosi likagoma kufunguka mbele ya wakwe ndiye mimi, na kilichonichongea ni Kiingereza changu mwenyewe.

Kaka yangu Shabani alichelewa kuoa, alimpata Zuhura akiwa na miaka arobaini, na kazi ya kupanga begi nikapewa mimi dada mtu (nashona nguo hapa Bagamoyo mjini, angepewa nani mwingine?). Begi lilikuwa na kufuli la namba tatu. Shabani akaniambia, "Dada, liache na sifuri zake kama lilivyotoka dukani." Nikakataa, wapwa zangu watachokonoa manukato.

Sasa siku zile kina mama kwenye kundi letu la simu tulinogewa na mchezo mmoja: A ni moja, B ni mbili, mpaka Z ishirini na sita, unaandika namba kwa Kiingereza, unajumlisha herufi zake uone inazaa ngapi. "One" inazaa thelathini na nne. Basi nikasema siri iwe arobaini, umri wa kaka, nikaiandika kiganjani, nikajumlisha, nikafunga, nikanawa mikono. Jumla yenyewe sikuishika kichwani, ya nini, si nitajumlisha tena?

Fukayosi tukapokewa kwa vigelegele, begi likawekwa katikati ya mkeka, nguo zitolewe mojamoja watu waone. Nikajifunga khanga kiunoni, nikatoa simu, nikaanza kuandika ile arobaini, simu ikanimalizia neno, nikajumlisha kwa madaha: themanini na nne. Nikazungusha sifuri, nane, nne. Kimya. Nikageuza huku, nikageuza kule, wenzangu wanaimba wimbo uleule mpaka sauti zimewakauka.

Mama mdogo wa bibi harusi akauliza, "Mawifi, begi mmetuletea tulitazame kwa nje?"

"Linafunguka sasa hivi, mama."

"Au halina kitu?"

Hapo ndipo jasho liliponitoka, maana neno hilo lilifika chumbani na Zuhura akaanza kulia, anadhani kaka yangu kamletea begi tupu.

Baba yake akapiga hodi, kisu mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Tupunguze maneno, mwanangu."

Akalipasua ubavuni, taratibu kabisa, mtu mzima na heshima zake. Na nguo za ndani (nilizozichagua mwenyewe, nyekundu, zenye lesi) nilikuwa nimezipanga ubavu uleule. Zikamwagikia miguuni pake.

"Astaghfirullah," akasema, akaweka kisu chini, akatoka akiwa ameangalia dari.

Natamani ingeishia hapo. Rehema, mdogo wake Zuhura, akaniuliza namba nimeipataje, nikamweleza yote, akaninong'oneza, "Wifi, hebu iandike kwa mkono hiyo arobaini, kama siku ile ulipofunga."

Nikaandika. Akaitazama, akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Hapa umetia U. Forty haina U."

"Si inatokana na four?"

"Four inayo, forty haina. Leo simu imekusahihisha."

U ni ishirini na moja. Ukijumlisha na themanini na nne unapata mia moja na tano. Rehema akazungusha moja, sifuri, tano, na kufuli likafunguka ta! kwenye begi ambalo tayari lina tundu la kupita mbuzi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Zuhura akachungulia mlangoni, macho bado mekundu, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Ndoa ikafungwa, alhamdulillahi, na baba mkwe hadi leo akiniona huitikia salamu akiangalia viatu vyake. Mdogo wetu wa mwisho anaoa karibuni na wameniomba tena nipange begi. Nimekubali, ila nitalifunga kwa kamba ya katani, fundo moja, la Kiswahili.