Pua ya Askofu

Askofu mpya alikuwa na pua ndefu, na hakuiacha ikae bure. Kila alfajiri alisimama mlangoni pa kanisa, mikono mgongoni, akiwanusa mapadri vinywa mmoja mmoja. Aliyenuka pombe hakugusa altare siku hiyo. Alikwisha kuwanyang'anya mbwa wao wa kuwindia na kuwalaza mapadri wote chumba kimoja. Sasa akakataza watu kuwapelekea wafu pombe. Mzee Grimbald alikuwa amemzika mkewe, Ansa, wakati wa mavuno, na kila Jumapili alimwachia kikombe cha pombe ya shayiri. Jumapili iliyofuata askofu akamkuta kaburini na kikombe chake na kibuyu cha pombe.

"Wafu hawanywi, mzee."

"Huyu wangu anakunywa, Baba Askofu. Nikirudi, kikombe kikavu."

Askofu akamgeukia shemasi wake polepole. "Hebu fungua kinywa." Akanusa, akafumba macho. "Siku tatu, mkate na maji. Nawe mzee, mkeo mletee maji."

"Maji? Ansa? Atafufuka kabla ya siku yake aje kunichapa!"

Pua ikatetemeka. Askofu akawapa kisogo, akautazama ukuta wa kanisa kwa muda mrefu kuliko ukuta ule ulivyostahili, mpaka Grimbald akamaliza kumimina pombe kikombeni.