Volti Tatu, Basi

Kwa miaka kumi na tisa, shangazi yangu amekuwa akipanga vijiti vya dhahabu, vidogo kuliko vumbi, juu ya vioo vya maabara. Ukipitisha umeme, kioo chekundu kinageuka kijani. Profesa wake, asiyejua hata kushika kibano, humwita "yule mama wa vioo."

Shangazi alibandika karatasi kwenye swichi: "Volti tatu, basi." Profesa akaibandua, eti inaharibu mwonekano wa mtambo.

Wageni walipokuja, akajipiga kifua. "Hiki nimekitengeneza kwa mikono yangu." Akazungusha swichi mpaka tano. Shangazi alimtazama tu, amefumbata mikono. Kioo kikageuka kijani, kikatoa moshi, kikawa cheusi tii.

"Mama, kimepatwa na nini?" mgeni mmoja akamuuliza Shangazi.

"Muulize aliyekitengeneza."