Kifaru Bila Pembe

Baba na mama walipotutoka, baba mdogo, aliyekuwa tarishi wa ofisi moja Posta, alitaka kutugawa. Wadogo zangu wawili waende Songea kwa shangazi, ndugu yangu anayenifuata akae kwake, mimi niolewe. Nilikuwa darasa la nne. Nikaacha shule, nikaanza kupika vitumbua na kuviuza jirani na soko la Kariakoo, nikamwomba atuache pamoja katika chumba kile kile. Alikubali kwa sharti moja.

"Siku polisi akigonga mlango huu, jioni yake nawagawa."

Kwa hiyo niliishi kwa macho. Anayenifuata alipofikisha miaka kumi na minane alikuwa kibarua wa fundi bati, na kila Jumapili baada ya chakula akawa anapotea. Nikimwuliza, anasema anatembea tu. Mtu anayetembea tu harudi na viganja vilivyochanika na rangi ya kijivu kwenye kucha. Kisha madebe yangu mawili matupu hayakuonekana. Kisha akaniomba magunia.

"Ya nini?"

"Ya kufunikia kitu."

"Kitu gani?"

"Dada, wewe ungefaa upolisi."

Sikucheka. Miezi ile ile, jirani wa mtaa wa pili alikuwa amefungwa kwa kukutwa na pembe ya kifaru ndani ya gunia la mkaa.

Jumamosi moja mtu alikuja kumwulizia. Nilimjua kwa sura: askari wa zamani, mwenyeji wa Kilimanjaro, aliyepigana na Wajapani kule Bama, mwenye ua uliozungushiwa mabati kule Mchikichini. Walisimama nje ya dirisha, mimi ndani natwanga mchele. Nikausimamisha mchi.

"Kifaru kipo tayari," ndugu yangu alisema. "Bado pembe."

"Pembe ndiyo kazi. Nimeulizia mtaa mzima wa Gerezani, hakuna. Na wewe punguza sauti, watu watatuletea maneno."

Usiku kucha niliwaza, na Jumatatu nikafunga biashara mapema, nikaenda Posta kumwambia baba mdogo. Nilidhani yeye akimtisha ndugu yangu, mambo hayatafika kwa polisi.

Jumapili iliyofuata tulimfuata ndugu yangu kwa mbali hadi kwenye ule ua, tukabisha hodi. Askari wa zamani alifungua mlango kidogo, akauzuia kwa mguu.

"Shikamoo," nikamwambia. "Tumekuja kukiona kifaru."

"Marahaba." Aligeuka kumtazama ndugu yangu.

"Dada," ndugu yangu akasema, "umemleta baba mdogo?"

Wakatuingiza, wakavuta magunia yangu. Chini yake kulikuwa na gari la mbao na mabati, kubwa kuliko mkokoteni, madebe yangu yamekatwa na kunyooshwa yakawa mbavu zake, magurudumu yamezungushiwa vipande vya tairi kuukuu. Mbele palikuwa na tundu tupu. Ulikuwa mfano wa kile chombo cha chuma cha vitani ambacho askari walikiita kifaru.

"Kule Bama nilitembea siku tatu nyuma ya kifaru," yule askari alisema. "Sikuwahi kuingia ndani. Sasa nitaingia changu."

Nilitamani ardhi inimeze. Ndugu yangu alisema kipo. Angekuwa mnyama, angesema yupo. Mgeni wa bara ningemsamehe, wao hata ng'ombe humwita hiki, lakini ndugu yangu amekulia Kariakoo na ngeli hazimpigi chenga. Neno lilinipitia sikioni, nikabaki na pembe tu.

Baba mdogo hakuona la kuchekesha.

"Na pembe yenyewe ni nini?"

"Mzinga," ndugu yangu akajibu. "Tunatafuta bomba la chuma."

"Mzinga wa chuma, ndani ya ua uliofungwa, siku hizi za mikutano ya siasa. Polisi akiuliza mnataka kumpiga nani, mtamjibu nini?" Alivaa kofia yake. "Kesho nakuja kuchukua nguo zako, uhamie kwangu. Na wale wadogo nitamwandikia shangazi yao."

Hapo nikaelewa kwamba polisi wa kutugawa ni baba mdogo mwenyewe, na aliyemleta ni mimi.

"Baba, nisubiri kidogo," nikasema. "Usiondoke."

Nilikwenda nyumbani mbiombio, nikarudi na mchi wa mama begani. Sikumwuliza mtu. Niliuchomeka kwenye tundu, ukaingia kwa kubana kidogo, ukabaki umetokeza kama urefu wa mkono.

"Gonga, baba."

Akagonga kwa kifundo cha kidole. Ulitoa mlio wa mti, si wa chuma. Akainama, akaunusa.

"Unanuka mchele."

"Polisi akija, naye augonge."

Akautazama ule mchi, kisha akamtazama askari wa zamani. "Umepigana vita vyote vile," akamwambia, "uje kumaliza na mchi wa vitumbua."

"Bora huu," askari akajibu. "Hauhitaji risasi."

Kesho yake baba mdogo hakuja kuchukua nguo. Mwezi mzima nilitwanga kwa mchi wa kuazima, jirani akinung'unika. Na kila Jumapili, kabla ya kwenda sokoni, nilipitia Mchikichini, nikabisha hodi, nikaigonga ile pembe nihakikishe bado ni mti.