Wimbo wa Mjomba Rajabu na Kamera ya Direkta

Nakumbuka Jumapili moja pale mtaani Ngagara, mwanangu. Nilikuwa msichana, nacheza katika shule ya dansi ya Direkta mmoja, mtu wa tai na maneno matamu. Wimbo tuliopewa kwa onyesho la mwisho wa mwaka ulikuwa wa mjomba wangu Rajabu, fundi wa magari wa mtaa wa Jabe. Aliutunga kwa gitaa kumbembeleza mkewe siku aliyonuna, na alikuwa akiuimba harusini tu. Studio alikuwa hajaingia.

Direkta alikuja nyumbani kuomba, na kwa adabu, sitasema uongo. Alikaa mkekani, akanywa chai, akasema watoto wanataka kuucheza. Mjomba akajibu, "Wacheze tu, ni batoto betu." Ruhusa ilianzia hapo na ikaishia hapo. Kamera haikutajwa.

Jumapili hiyo ya onyesho tukaikuta kamera imesimama mbele. Tulidhani ni ukumbusho wa wazazi. Kumbe wapi! Baada ya muda kaseti za video zimejaa madukani, juu yake jina la shule, jina la Direkta, na sisi tumenyanyua mikono. Jina la mjomba halikuwepo hata kwa maandishi madogo.

Mwanzo mjomba alicheka tu. Lakini alipopata wenzake wa kupiga naye, akaurekodi wimbo wake na kuupeleka redioni, kijana wa pale alisikiliza kidogo akamwambia, "Muzee, hii ni wimbo ya ile shule ya dansi. Sisi hatupigi nyimbo za kuiba."

Mwanangu, mtu anaitwa mwizi wa wimbo aliombembelezea mkewe! Alirudi nyumbani akasukuma gitaa chini ya kitanda, na harusini hakuimba tena.

Mkewe, Mama Zubeda, hakuvumilia. Alikwenda shuleni akamkuta Direkta mbele ya wazazi na sisi wanafunzi.

"Direkta, we ulikuja kwangu kuomba sufuria upikie batoto. Nikakupa. Sasa naikuta sokoni unaiuza, na umeandika jina yako juu."

"Apana, Mama. Tumemufanyia reklame ya bure, tumemutangazia wimbo. Sasa wimbo inajulikana mu muji muzima."

"Inajulikana kuwa ni yako."

Direkta akaangalia saa yake, akasema atarekebisha. Huyo mtu hana haya. Mpaka anahama mji hakurekebisha kitu.

Mjomba alipofariki, kijana wa jirani alisimama msibani kumsifu. Akasema marehemu alikuwa anaupenda sana ule wimbo wa shule ya dansi. Hakuwa na ubaya, maskini, ndivyo alivyojua. Mama Zubeda aliinuka akaingia chumbani.

Sasa we unaniletea simu, unaniambia Jumamosi wanafunzi wako watacheza wimbo wa kijana mmoja mwimbaji wa Jabe, mtawafilmu na kuweka mtandaoni. Nakuuliza kama umemwomba, unanijibu, "Ameshakubali, Bibi." Amekubali nini? Kuchezewa wimbo ukumbini ni ruhusa moja, kuutia kwenye filamu ni nyingine. Usinichanganyie.

Rudi kwake kabla ya Jumamosi. Mwambie kutakuwa na kamera, mwambie filamu itakwenda wapi na nani ataiona. Kama wimbo ulirekodiwa studio, uliza rekodi ni ya nani, umwombe na huyo. Muandikiane, kila mtu atie sahihi, na jina la mtunzi likae mwanzoni mwa filamu, ambapo watu bado wanaangalia. Akikataa, zima kamera watoto wacheze. Na atakayekuambia muziki ni wa wote, mwulize yeye ametunga upi.

Haya, mwanangu. Mungu aibariki miguu yako na ya hao watoto unaowafundisha. Akupe kazi ya mikono yako mwenyewe, watu waijue kuwa ni yako ungali hai, na siku ya kukuzika asisimame mtu kukusifu kwa kupenda tu kitu ulichokitunga wewe.