Mjomba na Redio Yake Katikati ya Maji ya Usangu

Mjomba wangu alikuwa fundi wa simu Mbeya. Sebuleni kwake Ilomba, pale ambapo watu wengine huweka picha ya arusi, yeye alitundika leseni yake ya redio ya ridhaa. Hakulipwa chochote kwa redio hiyo. Aliiunda mwenyewe ili azungumze na wenzake wachache waliokuwa na leseni kama yeye, na hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake yote.

Nilikuwa nimeanza kufundisha fizikia, katikati ya miaka ya sabini, aliponiomba nimsindikize likizo ya Pasaka.

"Bondeni Usangu maji yakijaa kuna kilima kinageuka kisiwa," alisema. "Nataka niiite Iringa nikiwa pale."

Nilikuwa na fizikia yangu mpya kichwani, nikamwambia haiwezekani. Mawimbi ya VHF, ya redio kama yake, huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. "Yatagonga milima, Mjomba."

"Vitabu vinasema hivyo," alijibu. "Mimi nataka nijaribu."

Tulishuka basi Chimala, akamwonyesha katibu wa chama wa pale leseni yake, aliyoivisha mfuko wa plastiki, maana watu wawili wenye mitambo ya redio wangeweza kudhaniwa wapelelezi. Kesho yake tulikodi mtumbwi, tukapakia betri ya lori katikati, tukasukumwa kwa upondo kwenye matete nusu siku nzima.

Kilimani palikuwa na boma moja, la wafugaji waliohamia kutoka Usukuma. Baba mwenye boma alikuwa ameswaga ng'ombe wengi kwenda nchi kavu, kwa hiyo tulipokewa na mkewe, mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Alitupatia banda la ndama, akakaa kututazama tukisimamisha mlingoti wa mianzi na antena ya mabomba ya alumini.

Mbeya ilijibu mara moja. Iringa ilinyamaza. Kule alikuwepo mwuguzi mmoja mwenye leseni, ambaye Mjomba alikuwa ameandikiana naye barua tu. Walikubaliana kwamba kwa siku tatu atapanda kilima cha juu ya mji na redio yake, asubuhi na alasiri, asikilize. Mjomba alimwita mpaka sauti ikakauka.

"Huyo wa Iringa ni ndugu yako?" yule mama aliuliza.

"Hapana, mama. Sijawahi kumwona."

"Sasa unamtafutia nini?"

"Nataka kujua kama tunaweza kusikiana."

Mama yule hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri.

Siku ya pili mchana, dhoruba ilikuja kutoka upande wa Mbeya. Tuliiona inavyotembea juu ya maji, nyeusi, na radi zikichomoka ndani yake. Mjomba alichomoa waya wa antena, akautupa nje ya banda, akaifunika redio kwa koti lake na kubaki na shati. Mvua ilipiga kwa muda wa saa mbili. Ng'ombe walijibana kwenye ukuta, nami nilikuwa najuta kuja. Mlingoti ulianguka kwa kishindo.

Mvua ilipokatika tulikuta antena imepinda na kamba zetu za katani zimekatika. Nilisema turudi. Mjomba alipiga magoti kwenye tope, akaanza kunyoosha mabomba kwa mikono, moja moja, bila neno. Mama alimkabidhi mama mkwe wake mtoto, akaleta kamba za ngozi ya ng'ombe, akafunga mlingoti ule kwa mafundo ambayo sijayaona tena mahali popote. Nilisukuma, ukakataa hata kutikisika.

Asubuhi ya tatu kulikuwa kimya, baridi, na ukungu umelala juu ya maji. Mjomba aliita mara mbili. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, nyembamba, ikizama na kuibuka.

"Nakusikia, Usangu. Nakusikia vizuri. Huku Iringa nimelowa mpaka viatu. Ova."

Mjomba alishindwa kubonyeza kitufe cha kujibu. Mimi ndiye niliyemgusa bega, ndipo akajibu. Baadaye nilielewa kwamba hewa baridi iliyolala chini baada ya dhoruba ndiyo iliyoyapinda mawimbi yakafika. Wakati ule nililia tu.

Mama alisogea. "Mwambie huyo dada, kaka yangu yuko huko huko Iringa, Idodi, na ng'ombe wake. Apelekewe habari kwamba nimejifungua salama, na mtoto nimempa jina la baba yetu."

Mjomba aliondoa kidole kwenye kitufe. "Mama, sheria ya leseni hii hainiruhusu kupeleka ujumbe wa mtu mwingine. Nisamehe."

Mama akamkaza mtoto mgongoni, akarudi kwenye ng'ombe wake. Nilimkasirikia Mjomba. Sauti imetoka Iringa mpaka kwetu, na maneno mawili ya mzazi yashindikane? Njia nzima ya kurudi sikumsemesha, naye hakujitetea.

Mwezi uliofuata nilikwenda Ilomba, mke wa Mjomba akaniambia hayupo, amechukua likizo. Alirudi siku ya tatu, nikingali pale, vumbi mpaka kope. Alikuwa amepanda basi mpaka Iringa, akadandia lori la chumvi mpaka Idodi, akaulizia boma kwa boma mpaka akampata yule kaka.

"Alisemaje?" niliuliza.

"Aliniambia nirudie mara tatu jina la mtoto."

"Na mwuguzi? Si ulipita Iringa?"

"Lori lilikuwa linaondoka," alisema, akaomba maji ya kuoga.

Mwaka huohuo nilianza kujisomea mtihani wa leseni. Niliufeli mara ya kwanza, kwa sababu ya alama za Morse, zile za nukta na mistari, na ni Mjomba aliyekaa nami kila Jumamosi akigonga kijiko mezani, mpaka masikio yangu yakazoea.